Fundi Hulala Kwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, na natumaini mguu wako nao unaendelea kukubali kutembea, angalau mpaka kwenye kiti chako cha barazani. Habari za shingo na mikono sina haja ya kuuliza, kwa kuwa umezieleza vizuri katika barua yako: mapele yaliyojipanga mstari, kuwashwa kunakoanza ukishalala tu, na matone ya damu kwenye shuka. Pole sana. Wifi yangu anakusalimu. Jirani yangu mshonaji anakusalimu pia, na ameniomba nikwambie kwamba bado anaikumbuka siku uliyoumwagia maji mpira sebuleni kwake ili kumwonyesha kwamba dunia haiwezi kuwa mviringo. Zulia lake halijarudia hali yake mpaka leo.

Umeniomba dawa. Nitafika huko, usiwe na haraka. Tangu mazishi hatujazungumza, na mambo yamenijaa kifuani. Wewe ndiye uliyenibandika jina la Mbishi nikiwa mtoto, basi usishangae jina likinikaa.

Juzi nilikuwa nakumbuka mazungumzo yako ya Jumapili, wakati Mama alipokuwa hai na sebule ilipokuwa haina nafasi ya kuweka mguu. Watu walikuita Mzee Swali, kwa sababu kila somo ulilimalizia kwa swali ambalo hakuna aliyethubutu kulijibu. Ulituita mimi na Kaka uani mbele ya wageni, ukatuambia turuke juu kadiri tunavyoweza. Tulipotua ulituuliza tumetua wapi. Tukajibu, palepale. Ukawageukia wageni ukasema kwamba kama dunia ingekuwa inazunguka kwa kasi hiyo wanayotuambia, watoto hawa wangetua kwa jirani, tena juu ya bati. Watu walipiga makofi. Kaka alifurahi mno, akaendelea kurukaruka hata somo lilipokwisha.

Siku nyingine uliwasha mshumaa, ukaufunika kwa chupa ya jamu, ukazimika. Ukasema wanatuambia kwamba jua linawaka mahali pasipo hewa, sasa je, jua linapumua kwa mapafu ya nani? Nikauliza kama jua ni mshumaa. Ndipo nilipopata jina langu, nikapelekwa jikoni kuosha vyombo. Huko jikoni nilikusikia ukitoa kikuzaji chako cha kazini, kile kioo cha kukuzia wadudu, na kumweka kunguni chini yake, ukawaita wageni mmojammoja waje watazame. Kunguni alionekana mkubwa kama kobe. Ukauliza nani kati yao amewahi kukutana na kunguni mkubwa kama kobe. Hakuna. Basi kioo kinadanganya, ukasema, na wenye darubini wanadanganywa na kioo kilekile, ila cha kwao ni kirefu zaidi. Kuhusu nyani hukuhitaji hata kifaa. Uliuliza tu, kama nyani ni babu yetu, mbona hajawahi kuja kwenye kikao cha ukoo?

Nakiri kwamba la nyani lilinichekesha. Linanichekesha hata leo, na hilo linaniudhi.

Lakini lipo somo ambalo hukulifanyia mzaha. Ulisema kunguni wawili, dume na jike, waliingia safinani ndani ya godoro la Nuhu, na hawa tunaowaua leo ni walewale, hawajaongezeka hata unywele. Mungu hafanyi marekebisho, ukasema. Anayesema kiumbe hubadilika anasema Mungu alikosea mara ya kwanza. Uliposema hayo ulikuwa umemshika Kaka begani. Mimi na Mungu hatuna ugomvi, Baba, na sijawahi kumsikia akisema kwamba wewe ni msemaji wake.

Kaka alirithi kazi yako ya kuua kunguni, akarithi bomba lako la mgongoni la kupulizia dawa, na hata jina la utani, maana mtaani walimwita Bomba. Alirithi pia kibao chako, kile cha herufi nyekundu: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. FUNDI HULALA KWANZA. Tulikipigilia mlangoni hapa, na nilipoanza kufanya kazi naye kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukifuta vumbi. Desturi ile ni yako na ina heshima yake, sina neno nayo. Fundi anapuliza dawa kwenye chaga, kwenye pindo za godoro na kwenye nyufa za ukuta, anaacha madirisha wazi kutwa nzima, kisha anatandika shuka lake mwenyewe, jeupe, analala. Asubuhi analitandaza shuka mbele ya mteja. Likiwa jeupe, kazi imekwisha. Lenye doa, anarudia. Kwa desturi hiyo ulitulisha na kutusomesha, na hukuwahi kurudia kazi.

Kaka alianza kurudia. Hukuambiwa, kwa sababu hakutaka kukutia simanzi.

Mahali penyewe palikuwa hosteli ya wanafunzi wa uuguzi, nyumba ndefu yenye korido ya saruji na vitanda vya chuma. Mama mwenye hosteli ni mtu wa heshima lakini ulimi wake ni upupu. Kaka alipuliza chumba cha kwanza kama ulivyomfundisha, akalala. Asubuhi alitandaza shuka lake koridoni na lilikuwa kama kitambaa cha buchani. Wanafunzi walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja wao alimpa jina jipya, Chakula cha Usiku, na kufikia mchana jina lilikuwa limefika jikoni na kurudi. Kaka alitabasamu, akalikunja shuka, akaniambia nikalifue. Akaongeza dawa maradufu, akalala tena. Shuka likarudi vilevile.

Nilikwenda kwa muuza dawa kumlaumu kwamba anatuuzia maji. Hakukasirika. Alikuwa anampimia mteja mwingine misumari, akaniambia bila kuinua macho kwamba dawa ni ileile, ila kunguni si walewale. Waliokufa kwa dawa yetu hawakuacha watoto. Wachache waliopona ndio waliozaa, na watoto wakafuata wazazi, mwaka baada ya mwaka, na sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukiwachagua. Akasema tuache kuwapulizia sumu viumbe waliozaliwa wakiiweza, tukodi mashine yake ya mvuke, kwa kuwa hajamwona bado mdudu anayehimili maji yanayochemka. Nikarudi mbio kama niliyeokota almasi. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tumpigie Baba kwanza.

Unaikumbuka simu hiyo? Kaka alikuwa amevaa glavu, kwa hiyo aliiweka sauti ya nje, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo pembeni. Ulicheka. Ulisema hayo ni maneno ya Mbishi, unaijua harufu yake hata kwenye simu. Ulisema leo tukikubali kwamba kunguni amebadilika, kesho tutaitwa kwenda kumwamkia nyani. Kisha ukaacha kucheka, na maneno yako yalikuwa haya, nayaandika kama ulivyoyasema:

"Kunguni ni kunguni. Dawa iliyomuua babu yake itamuua na yeye. Ongeza, na isiposikia, ipo ile ya ghalani. Na msifungue madirisha. Mshumaa nilikuwa nauzima vipi? Si kwa kuufunika?"

Kaka aliitika ndiyo Baba, asante Baba.

Kopo la dawa ya ghalani, ile ya kuulia wadudu wa nafaka, lina picha ya fuvu, na chini ya fuvu imeandikwa kwamba isitumike mahali wanapolala watu. Nilimsomea. Nilimsomea mara ya pili kwa sauti ya juu, koridoni, wanafunzi wakisikia, kwa sababu nilitaka aone haya. Alilichukua kopo mkononi mwangu kwa upole, akachanganya, akapuliza, akafunga dirisha, akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa gunia. Jioni akaliweka shuka lake jeupe kwapani, akaingia.

Uliambiwa ni nimonia. Mimi ndiye niliyekwambia, kwa sababu Wifi alinipigia magoti akisema mzee akijua atakufa naye, na wakati ule bado nilikuwa na huruma ya kugawa. Haikuwa nimonia, Baba. Asubuhi mama mwenye hosteli aligonga bila kujibiwa, akaniita, tukausukuma mlango. Wale waliomcheka ndio waliomtoa nje, wakiwa na kanga usoni, wakampulizia pumzi na kumkandamiza kifua kama walivyofundishwa darasani. Alikuwa na povu mdomoni. Aliishi mpaka adhuhuri bila kumtambua mtu. Daktari aliniuliza amevuta nini, nikamwambia, akanitazama akaniuliza ni mpumbavu gani alimwelekeza. Sikukutaja. Nilisema ni desturi ya kazi.

Nilirudi kukusanya vitu vyake. Mama mwenye hosteli alikuwa amesimama mlangoni ameshika funguo. Nikalitoa shuka kitandani, na kwa mazoea, mikono yangu ikijiendea yenyewe, nikalitandaza koridoni mbele yake kama tunavyofanya siku zote. Lilikuwa na madoa kutoka juu hadi chini. Walikuwa wamemla, Baba, wakati pumzi inamwishia. Kwenye pindo la mto wengine walikuwa bado wanatembea, wameshiba, wamenona, wekundu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni siku ya mazishi, ulipoegemea fimbo yako kando ya kaburi na kuanza kusema. Nilidhani utamlilia. Ukawauliza waombolezaji kama kuna aliyewahi kuwaona nyani wakizika. Watu wakatikisa vichwa. Ukasema basi tazameni, mtu ni mtu. Ukasema mwanao aliondoka kama alivyoumbwa, hakugeuka kushoto wala kulia, na mapafu ni ya aliyeyatoa. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, Mzee Swali hajachuja. Nilikuwa na udongo mkononi na nilitamani kukurushia.

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kaka alisikia la mkuu, na ndiye aliyevunjika. Mimi nisiyesikia niko hapa nakuandikia.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Wifi halijui. Kabla sijakwenda kwa muuza dawa, Kaka alikuwa tayari anajua. Alichukua chupa ya jamu, akaweka ndani kitambaa kilicholowa dawa, akawatia kunguni wa hosteli na kuifunika. Alinionyesha siku ileile ya simu, baada ya wewe kukata. Walikuwa wanatembea juu ya kitambaa kile kama watu wanaokwenda sokoni. Nikamwambia, sasa si umeona mwenyewe, twende tukakodi mashine. Akaniambia:

"Nikiikodi ile mashine nitakuwa nimemwambia Baba ni mwongo. Mdomo huo sina, Mbishi. Unao wewe."

Kwa hiyo usijifariji kwamba alikufa akiziamini hoja zako. Hakuamini hata moja. Nilimuuliza siku ile kuhusu kuruka uani, akacheka akasema alijua tangu akiwa mdogo, maana aliwahi kuruka ndani ya treni na hakutua kwenye behewa la nyuma. Alikuwa anaruka ili wageni wakupigie makofi. Hakukuamini, Baba, alikupenda, na wewe hukuwahi kujua tofauti ya hayo mawili kwa sababu hakuna aliyekulazimisha kuijua.

Chupa ile niliichukua mimi.

Baada ya mazishi uliagiza nikuletee koti la Kaka la kazini, lile la kijivu, ujifunike nalo miguuni uwe unamkumbuka. Nililifua kwa maji yanayochemka, nikalianika juani, nikalipiga pasi kila mshono. Lilikuwa safi kabisa, nakuhakikishia kama fundi. Halafu nikalifungua pindo la chini, nikawatia humo waliokuwa kwenye chupa, wale waliotembea juu ya kitambaa, nikalishona kwa mishono mipana ili waweze kutoka. Nikalikunja, nikalifunga kwa karatasi nzuri, nikakutumia. Jirani mshonaji alinisifu kwa mkono wangu. Nilijua watakula nini, na nilijua dawa yako ya stoo haitawafanya kitu. Nililala vizuri siku hiyo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu tumzike.

Sikuombi msamaha. Nakwambia tu ili ujue wageni wako wametokea wapi. Walimla mwanao kwanza.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Baada ya kueleza mapele, na kwamba umepuliza mara mbili bila mafanikio, umeandika kwa mkono wako, kwa wino wako, sentensi hii: "Kunguni wa siku hizi si kama wale wa zamani." Umeandika na kuendelea na habari za mguu, kana kwamba umetaja hali ya hewa. Sentensi hiyo, Baba. Kaka aliisubiri kwenye simu akiwa na glavu mikononi. Ungemwambia siku ile angeitika ndiyo Baba, asante Baba, angekwenda kukodi mashine, na leo angekuwa anagombana na mimi juu ya nani afue shuka. Kumbe unaijua. Ilihitaji tu ngozi yako mwenyewe.

Basi kuhusu dawa uliyoomba, nakupa njia mbili, uchague.

Ya kwanza: Jumapili hii, watu wakishakaa, simama uwaambie sentensi hiyohiyo, usiipunguze wala usiipambe. Waambie kunguni walibadilika, na kwamba mwanao alikufa kwa sababu ulimwamuru aamini kwamba hawakubadilika. Useme na habari ya madirisha na mshumaa. Ukimaliza, nipigie. Nitakuja siku hiyohiyo na mashine ya mvuke, nitachemsha kila uzi wa nyumba hiyo, nitakukanda mguu na kukupikia uji, na sitalitaja tena jambo hili mpaka nife.

Ya pili: bomba la akiba liko uvunguni mwako na kopo la ghalani uliliacha mwenyewe stoo, nyuma ya ngazi. Kama kunguni ni kunguni, ongeza dawa. Funga madirisha, ziba chini ya mlango kwa gunia. Kisha tandika shuka jeupe ulale, ufuate kibao chako. Asubuhi nitakuja kulitandaza.

Nakufahamu. Najua utafanya ya tatu, utanyamaza, utajikuna, na Jumapili utawauliza watu habari za nyani. Ukifanya hivyo usilitupe koti. Lilikuwa la Kaka, na wewe ndiye uliyeliomba.

Wifi anakusalimu tena. Ameshamwachisha mtoto ziwa, na mtoto ameshaanza kutembea bila kushika kiti. Ana macho ya Kaka. Anapenda kurukaruka, na kila akitua anatutazama kuona kama tutapiga makofi. Nimemkataza Wifi kupiga.

Nisalimie majirani wote wa barazani, na yule aliyesema hujachuja.

Ulale unono, Baba.

Ni mimi binti yako,
Mbishi